Tuhamie Wapi, Mama Goodness?

Nyani wa geti la Lodoare wana macho makali kuliko askari. Asubuhi ile ya mwezi wa saba, magari ya watalii yalikuwa yamepanga foleni kusubiri kuingia Ngorongoro, madereva wakisongamana dirishani na vibali vyao. Dume moja la nyani likaruka kutoka juu ya paa la gari, likanyakua boksi la chakula mikononi mwa mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda.

"Wewe! Mwizi wewe! Rudisha!" mwanamke alipiga kelele, kana kwamba nyani angesikia.

Watalii walicheka, wakatoa simu kupiga picha. Dereva mmoja mrefu, shati la kaki limenyooshwa likanyooka, aliokota jiwe akalirusha. Boksi likaanguka. Nyani akakimbilia msituni na paja la kuku, na yai la kuchemsha likaviringika mpaka kwenye buti la yule dereva. Aliliokota, akalifuta, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Yai limepona," alisema. "Kuku tumsahau."

Mwanamke aliinua uso kushukuru. Alivaa gauni la kitenge cha njano na sweta zito la kijivu. Kilemba kilikuwa kimelegezwa na upepo wa pikipiki, na ukungu ulikuwa umemwachia matone kwenye nyusi. Akasahau kushukuru.

"Dorkasi?" dereva aliuliza. "Dorkasi wa Ganako?"

"Kimaren!" Alijishika mdomo. "Si uliapa hutaswaga kitu kingine maishani isipokuwa ng'ombe?"

"Hawa nao ni kundi," alisema, akiwaonyesha wageni wake kwa kidevu. "Ila hawanywi maji ya mtoni." Kisha akashusha sauti. "Takwenya."

"Iko," akajibu Dorkasi bila kufikiri.

Salamu hiyo ya Kimaasai Dorkasi alifundishwa na Kimaren, wakiwa kidato cha tatu, dawati la nyuma, kwenye sekondari iliyokuwa na madirisha yasiyo na vioo. Siku za baridi Kimaren alikuwa akivua shuka lake na kulitandaza magotini mwao wote wawili, na mwalimu alijifanya haoni. Jioni walitembea pamoja kwenye njia ya Ganako mpaka mashamba ya ngano yalipoanza, udongo mwekundu umewaganda viatuni mpaka kila mmoja akaongezeka urefu kwa inchi mbili. Hawakuwahi kushikana mikono. Mtihani ulipokwisha, Kimaren alirudi kwao Nainokanoka, na katika miaka ile ambayo simu ilikuwa ya matajiri, kupotezana kulikuwa jambo rahisi sana.

Miaka kumi na tisa baadaye, pale getini, alimwomba namba.

Simu zikaanza.

"Umekula nini leo, mama mikate?"

"Mikate ni yako na watalii wako. Mimi nimekula ugali na mlenda kwa mama."

"Ungeniwekea."

"Babu zako Wamaasai waliwachukulia babu zangu ng'ombe, leo wewe unataka na mlenda?"

"Nataka na mpishi."

Dorkasi alicheka mpaka binti yake Goodness, mwenye miaka tisa, akaja kuchungulia mlangoni. Hakuwa amemsikia mama yake akicheka hivyo. Baba yake Goodness alikwenda migodini Mirerani mtoto akiwa hajaanza kutembea, akaoa hukohuko. Tangu hapo Dorkasi alikuwa na jiko lake tu, nyuma ya barabara kuu ya Karatu, ambako kila alfajiri alifunga vyakula vya safari vya madereva wa magari ya watalii: chapati, kuku, yai, ndizi, kipande cha keki. Madereva walimjua, naye alijua nani hapendi mayai; aliyesahau boksi lake alimfuata nalo mpaka getini kwa bodaboda, kama asubuhi ile ya nyani.

Kimaren naye alikuwa na yake. Mkewe, Kakenya, alifariki miaka mitano nyuma, akamwachia binti mmoja, Namelok, na nyumba waliyojenga pamoja Moshono, pembezoni mwa jiji la Arusha. Kila safari ilipompitisha Karatu, alilala kwenye nyumba ya wageni ya madereva, na kabla ya kulala alikwenda kunywa chai jikoni kwa Dorkasi. Mwaka ukapita hivyo. Siku moja, kikombe kikiwa mkononi, akasema:

"Tuunganishe hizi familia, mpenzi. Tuhamie wapi, mama Goodness?"

Dorkasi alitabasamu. "Nilidhani utaanza na kuniuliza kama nakutaka."

"Hilo najua jibu lake."

"Una kiburi."

"Nina nyumba pia. Moshono. Maji hayakatiki, shule iko jirani, hospitali iko jirani. Karatu mtoto akiumwa sana, si mnampeleka Arusha?"

"Na mama yangu? Na jiko langu?"

"Jiko linahamishika."

"Madereva je, nao wanahamishika? Nani atafuata boksi la Ngorongoro kule Moshono?"

Hawakugombana. Kimaren alisema waende kwanza akaone, na Dorkasi akakubali, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa Goodness alikuwa hajawahi kuliona jiji.

Walikwenda Pasaka. Dorkasi alivaa gauni jipya la hudhurungi lenye kola nyeupe na viatu vya visigino ambavyo vilimtesa tangu stendi. Nyumba ilikuwa nzuri, hakuweza kusema vinginevyo. Vigae viling'aa, maua yalizunguka uzio. Lakini mtaa mzima ulikuwa ukuta na geti, ukuta na geti, na alipomsalimia jirani aliyekuwa akitoa gari, jirani alishangaa kwanza ndipo akajibu.

Namelok, msichana wa miaka kumi na minne mwenye shingo ndefu ya baba yake, aliwakaribisha kwa adabu na maneno machache. Mchana Dorkasi alisogeza kiti kimoja karibu na dirisha apate mwanga wa kumsukia Goodness nywele. Alipotoka jikoni, kiti kilikuwa kimerudishwa pale pale kilipokuwa.

Hilo alilivumilia. Lililomshinda lilikuja jioni. Alikuwa akipanga sahani kabatini alipoona karatasi yenye muhuri wa shule, na juu yake jina la mwanawe. Goodness alikuwa ameshaandikishwa darasa la nne, Moshono.

"Hii ni nini, Kimaren?"

"Aah, hiyo. Nafasi zinajaa haraka, nikasema niwahi..."

"Uliniuliza?"

"Nilitaka kukurahisishia."

"Umeniita nije kuona, kumbe umeshaona kwa niaba yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Kimaren kuliko makelele. "Mwanaume wa kwanza aliniacha bila kuniuliza. Wa pili ananihamisha bila kuniuliza. Tofauti yenu ni nini?"

"Dorkasi, mpenzi, sikiliza..."

"Nimesikiliza mwaka mzima."

Asubuhi alipanda basi la kwanza na mwanawe. Mto wa Mbu walipouziwa ndizi nyekundu dirishani, Goodness alikula peke yake.

Simu iliita siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Dorkasi aliitazama mpaka ikanyamaza. Ujumbe wa Kimaren ulikuwa mfupi: "Nimekosa. Nafasi ya shule nimeirudisha." Aliusoma mara nyingi, hakuujibu. Alijiambia kwamba mtu anayeona rahisi kuomba radhi kwa simu ataona rahisi pia kukosea tena. Lakini kila gari la rangi ya mchanga, kama la Kimaren, lilipopita barabarani, mkono wake uliokuwa ukisukuma chapati ulisimama. Miezi miwili Kimaren alipita Karatu na wageni wake, akanunua chakula cha safari kwa wapishi wengine. Madereva walimwambia Dorkasi kwamba amekonda. Yeye akawajibu kwamba chapati za watu hazishibishi.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mchana mmoja wa baridi, kivuli kilisimama mlangoni pa jiko. Dorkasi alikuwa na unga mpaka viwikoni. Ni Namelok, amevaa jaketi jeupe la mjini na shanga za Kimaasai shingoni. Aliingia, akainamisha kichwa mbele ya Dorkasi, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwinamia mkubwa ili aguswe utosini.

Dorkasi alifuta mkono haraka kwenye aproni, akamgusa. Unga kidogo ulibaki kwenye nywele.

"Baba yuko wapi?"

"Anaweka mafuta. Ananipeleka Nainokanoka kwa koko, bibi yangu. Nimemwambia nakwenda dukani." Akatazama mlangoni. "Anti, nimekuja kukuomba usihamie kwetu."

Dorkasi aligeukia unga wake. "Usijali, mwanangu. Siji."

"Hapana, hujanielewa." Msichana alianza kulia, akajifuta kwa mkono wa jaketi. "Ile nyumba ni ya yeyo, mama yangu. Ni mimi niliyerudisha kiti. Sikutaka, mkono ulirudisha wenyewe. Ukija kule utakuwa mgeni mpaka uzeeke, na mimi nitakuwa mlinzi wa viti. Nimechoka kulinda, anti."

Dorkasi alivuta stuli, akamkalisha.

"Na baba hajui kitu kimoja," Namelok aliendelea. "Anasema Moshono ni karibu na kila kitu. Lakini yeye mwenyewe hayupo! Akiwa safari analala huku, Karatu. Analala karibu na wewe na karibu na koko, halafu mimi nakaa na dada wa kazi na televisheni. Mwezi uliopita amelala nyumbani siku tano."

"Umemwambia?"

"Nimwambie vipi? Ataona nimemsahau yeyo."

Dorkasi alivua aproni. Goodness, aliyekuwa akisikiliza yote kutoka uani, alishamletea viatu.

Kituo cha mafuta kilikuwa kimejaa magari, turubai na matanki ya akiba, wageni wakinyoosha miguu, wauza vikapu wakiwazunguka. Kimaren alikuwa akifuta kioo. Aliwaona wakivuka barabara watatu, wameshikana mikono, kitambaa kikamponyoka.

"Namelok ana neno la kukuambia," alisema Dorkasi. "Ukimkatiza, mimi narudi jikoni kwangu."

Namelok alisema yote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaasai pale Kiswahili kilipomkwama. Kimaren hakumkatiza. Gari la nyuma lilipiga honi, likapiga tena, hakusikia. Mtoto alipomaliza, alimvuta kifuani, uso wake juu ya nywele zenye unga.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naing'ang'ania ile nyumba," alisema mwishowe. Akamgeukia Dorkasi. "Naweza kukuuliza sasa? Kuuliza kweli, siyo kuambia?"

"Uliza."

"Unanitaka?"

"Nakutaka."

"Tuhamie wapi?"

"Hapa. Tupange nyumba ambamo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala. Ya Moshono usiiuze. Ni ya Namelok."

"Nitatuma wazee Ganako kwa mama yako."

"Waambie waje na ng'ombe," Dorkasi alisema, machozi yakimtiririka, "wale wa babu zangu."

Muuza vikapu mmoja alipiga kigelegele bila kujua habari yenyewe.

Walihamia nyumba ya kupanga pale Karatu mwezi wa kumi na mbili, baada ya harusi. Nyumba ya Moshono walimpangisha mwalimu mmoja na familia yake. Lori la vyombo lilitangulia, nao wakafuata kwa gari, watoto nyuma, Kimaren kwenye usukani. Walipita Kisongo, wakapita Makuyuni. Walipomaliza kupanda ukingo wa bonde juu ya Mto wa Mbu, ziwa Manyara limebaki chini kama bati, alipaki pembeni, akaweka mikono mapajani.

"Naona kama namwacha Kakenya kule peke yake," alisema.

Dorkasi alinyoosha mkono. Alizima redio.

"Nisimulie habari zake," alisema. "Sikumjua. Alikuwa anachekaje?"

Kimaren alifikiri. Akawasha gari, akaanza kusimulia, polepole, jinsi Kakenya alivyokuwa akicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na jinsi siku moja kanisani alicheka hivyo watu wakadhani ameokoka upya. Dorkasi alicheka. Goodness akacheka. Mashamba ya Rhotia yalikuwa ya kijani pande zote mbili, mvua imetoka kunyesha, na mpaka wanaingia Karatu, Namelok alikuwa ameshaegemea katikati ya viti vya mbele, akimsahihisha baba yake: "Siyo hivyo, baba, hukumbuki vizuri. Ngoja mimi niwaambie."