Mgongo wa Kopo

Walisema kuna maziwa ya kopo ambayo mtoto akinywa anashiba, na bado anakonda.

Sindano, jasusi asiyecheka ovyo, aliusikia uvumi huo saluni, kichwa kimejaa povu. Akaucheka. Watu wana maneno!

Lakini ukamganda kama kupe. Mdogo wake alikuwa na kichanga anachokinywesha maziwa ya kopo, na kila kukicha kilizidi kunyauka.

Siku chache baadaye, akiwa kando ya barabara juu ya pikipiki yake, simu ikalia.

"Sindano."

"Nakusikia, Mkuu."

"Mzigo umevuka mpaka. Lori jeupe."

"Liko mbele ya pua yangu."

"Usilipoteze."

Pikipiki, Yamaha, ikanguruma. Lori likapinda nyuma ya kiwanda cha magodoro, likazama ndani ya ghala la mabati. Sindano akapenya kwa dirisha la choo. Bastola, Beretta, kiunoni. Kamera ndani ya kifungo cha blauzi.

Makopo. Marundo kwa marundo. Wanawake walikuwa wanapaka gundi na kubandika mbele ya kila kopo picha ya mtoto mnene anayecheka.

Picha ileile aliyoiona mezani kwa mdogo wake.

Akanyakua kopo moja, akajibanza nyuma ya maboksi, akaligeuza. Maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Akalisogeza karibu na macho, akasoma.

Hayakuwa maziwa. Ilikuwa krimu ya unga ya kutilia kahawa. Walibadilisha uso, mgongo wakauacha.

Akapiga simu, akinong'ona.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimempakata, nataka kumpa chupa. Mbona unanong'ona, dada, umejificha na mume wa mtu?"

"Geuza kopo. Nisomee nyuma."

"Mtoto analia!"

"Mwache alie! Vilivyomo. Cha kwanza ni nini?"

"Ngoja... sukari ya glukosi. Halafu mafuta ya mawese..."

"Cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Maziwa yako wapi?"

Akarudia orodha yote, mtoto akilia.

"Hayapo, dada."

"Soma chini kabisa."

"'Asipewe mtoto mchanga.'" Chupa ikasikika ikianguka. "Nimempa mwenyewe. Kwa mkono wangu huu. Akilia, naongeza."

"Mwaga. Mkimbize hospitali, na kopo ubebe, daktari alione."

Chuma cha baridi kikamgusa kisogoni.

"Bibie, umepotea njia?"

Bosi wa genge. Mkufu wa dhahabu, bastola mkononi.

"Mmesahau mgongo," Sindano akasema bila kugeuka.

Bosi akacheka. "Nani husoma mgongo wa kopo? Mama akiona picha ya mtoto mnene, ananunua."

Brashi ya gundi ikaanguka sakafuni. Mmoja wa wanawake alikuwa amesimama, amemkodolea bosi macho.

"Bosi, si ulituambia ni maziwa? Ukatugawia tupeleke nyumbani! Wangu anakunywa haya haya!"

Bosi akageuza shingo.

Ilitosha.

Kopo zima lililokuwa mkononi mwa Sindano likampata chini ya sikio. Akaenda chini kama gunia. Sindano akaikanyaga bastola ya bosi.

"Mkuu. Ingieni," akasema kwenye simu.

Milango ikavunjwa. Pingu zikalia. Sindano akajifuta gundi kwenye kiwiko, akampita bosi pale chini bila hata kumtazama, akatoka polepole kama mtu aliyetoka kununua vitunguu.

Nje ya geti, hapo ambapo hakuna wa kumwona, akakimbia kuelekea hospitali.

Mtoto wa mdogo wake yuko wodini. Amewekewa dripu. Daktari anasema atapona, ila taratibu. Lakini makopo mengine yalishatoka, yako madukani, na picha yake ni nzuri.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Lebo iliyobandikwa juu ya lebo nyingine.

Kopo la mtoto lisilosema wazi ni la umri gani.

Tarehe iliyofutwafutwa.

Chakula chochote cha dukani ambacho sukari imetangulia kwenye vilivyomo.

Maandishi usiyoyaelewa, kama hujapata wa kukusomea.

Kununua kwa picha.

Na kuona haya kusimama dukani, watu wakikusubiri, ukasoma mpaka mwisho.