Likiwaka, Nakwenda Kuposa Mwenyewe

"Toa mkono kwenye ufunguo! Umeshapiga stata mara ngapi kabla sijafika?"

"Mara mbili tu."

"Mwalimu."

"Haya, kumi na mbili. Nilitaka ukifika ulikute linanguruma."

"Gari limelala miaka minne, wewe unaliamsha kwa fujo! Shuka."

Mwalimu akashuka, mkubwa mzima, amenywea kama mwanafunzi wake aliyekutwa anaangalizia.

Fundi akatua sanduku lake la zana. Gereji walimpachika jina la Spana, siku alipofungua nati iliyowatoa jasho wanaume watatu, na jina likamkaa hata kwao wakalizoea. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi. Ndiyo, pasi. Aliyekuwa na la kusema juu ya hilo alijisemea kimoyomoyo.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni nyeupe ya zamani, la marehemu baba yake Mwalimu. Tangu azikwe, lilikuwa chini ya turubai uani, tairi zimekaa chapati, buibui wamehamia kwenye vioo. Barazani alikaa Mama, mkunga mstaafu, akichambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na grisi yako?"

"Nimekuja nayo, Mama. Kazini huwa siiachi."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Hakumpenda huyu binti, wala hakujisumbua kuficha. Mwanawe aliyesoma amletee mke mwenye kucha nyeusi?

Spana aliyajua yote hayo. Ujumbe wa Mwalimu ulikuwa bado kwenye simu yake:

"Mama amekubali! Kasema gari la Baba likiwaka kwa mkono wako, atakuja kwenu kuposa yeye mwenyewe. Lisipowaka mpaka saa nane Jumamosi, Baba Mdogo alichukue kama chuma chakavu, na jina lako nisilitaje tena hapa nyumbani."

Naye akamjibu: "Na wewe ukakubali?"

"Nakuamini."

Maneno hayo yalimpendeza na kumchoma kwa pamoja. Sasa alipoinama kwenye boneti, alimwita karibu.

"Sikia. Umeniwekea dau bila kuniuliza."

"Nimekosa. Lakini mama yangu hakuwahi kukubali chochote. Nikaona hata huo mlango mdogo..."

"Siku nyingine ukitaka kunipitisha kwenye mlango mdogo, niulize kwanza. Niletee maji ya moto."

Akayaleta mbio. Vichwa vya nyaya za betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Spana akavimwagia maji ya moto, akavisugua kwa brashi mpaka vikang'aa, kisha akafunga betri aliyokuja nayo, iliyojaa chaji. Hakukimbilia ufunguo. Alichomoa plagi zote nne, akatia oili kidogo katika kila silinda, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, sikio likiwa karibu.

"Nani alisema injini hii imekufa?" aliuliza.

"Fundi mkuu wa pale mjini," alijibu Baba Mdogo, aliyekuwa ndio kwanza anaingia getini. Lori lake la kuvutia magari lilikuwa limeegeshwa nje, tayari. "Alikaa nalo siku mbili. Mtu mwenye mvi zake!"

"Basi mvi zake zimemdanganya, Baba Mdogo. Inazunguka kama mpya."

Mwalimu akacheka. Mama hakucheka.

Spana akasafisha plagi, akazirudisha. Akanusa tenki. Petroli ya miaka minne ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. Akaimwaga yote kwenye dumu, akatia mpya. Ndipo akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikazunguka tena, lakini haikushika.

"Haya," alisema Baba Mdogo, akitazama saa yake. "Saa saba na robo."

Spana akapima plagi: cheche za buluu, safi kabisa. Akachomoa mrija wa mafuta kwenye kabureta: mkavu. Akaenda nyuma, akasikiliza pampu: kimya. Fyuzi nzima. Akaipa pampu umeme moja kwa moja kwa waya wake mwenyewe, ikavuma. Kumbe pampu haina kosa. Umeme ulikuwa unapotelea njiani.

Mwalimu alikuwa amelowa jasho kuliko fundi.

"Nimwombe Mama aongeze muda?" alinong'ona.

"Usiniombee."

"Spana, nikikukosa mimi..."

"Hujanikosa bado. Nishikie tochi."

Simu ikaita. Ilikuwa ya mzee mwenye gereji, aliyemfundisha kazi.

"Umefika wapi, binti?"

"Umeme haufiki kwenye pampu, mzee. Nimetazama waya wote, siuoni ulipokatika."

"Umetazama! Nilikufundisha kutazama mimi?"

Spana akajikuta anatabasamu. Kwenye gereji ile waya hufuatwa kwa kidole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata kama unauona wote. Haraka ya saa nane ilikuwa imemsahaulisha.

Akalala chali chini ya dashibodi, akaushika waya, akaufuata. Kidole kikapita, kikapita, kikakuta utepe wa kitambaa uliofungwa kwa unadhifu wa mtu asiye na haraka. Huo haukuwa umetoka kiwandani. Akaufuata chini ya zulia mpaka chini ya kiti cha dereva, na hapo akakuta swichi ndogo, imezimwa. Swichi ya siri, ya kuwakomesha wezi!

Alikuwa karibu kupiga kelele za furaha. Kisha akamulika vizuri.

Vumbi la miaka minne lilikuwa kila mahali chini ya kiti, isipokuwa juu ya ile swichi. Ilikuwa inang'aa, ya kuguswa leo au jana.

Spana akainua kichwa taratibu, akatazama barazani kupitia kioo cha mbele. Mkono wa Mama ulikuwa umesimama katikati ya mchele. Macho yao yakakutana, na Mama akawa wa kwanza kuyashusha.

Damu ikamchemka. Kumbe mwanamke huyu alijua tangu mwanzo! Alimwacha alale kwenye vumbi, agaagae, aaibike, na ampoteze mtu anayempenda, huku jibu lote liko kidoleni mwake. Ingekuwa wewe ungefanya nini? Sema kweli. Sentensi moja tu ingetosha kumvua nguo mama mkwe mbele ya shemeji yake na mwanawe.

Saa nane kasoro dakika kumi. Spana akatoka garini, akafuta mikono, akaenda barazani akapiga goti.

"Mama, nimemaliza. Limebaki kuwashwa tu. Lakini gari hili lina mwenyewe. Naomba ukae kwenye kiti cha Baba uliwashe wewe."

"Ameshindwa huyo!" Baba Mdogo akapiga kofi pajani. "Anatafuta wa kumtwisha!"

"Mimi?" Mama aliuliza.

"Wewe, Mama. Washa kama alivyokuwa akiliwasha yeye."

Mama akaweka sinia chini, akatembea mpaka garini, akakaa. Mkono mmoja ukashuka chini ya kiti, kama wa mtu anayekivuta mbele. Huko nyuma pampu ikaanza kuvuma.

"Vuta choki, Mama. Sasa ufunguo."

Gari likakohoa. Likatoa moshi mzito, likakohoa tena, halafu likashika! Likanguruma mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya choo. Mwalimu akamkumbatia Spana pale pale, grisi na yote, mbele ya wakubwa, bila haya.

"Lakini fundi mkuu alisema..." Baba Mdogo alianza.

"Fundi mkuu ni yule pale," Mama alimkata, machozi yakimshuka. "Rudisha hilo lori lako, shemeji. Na wewe binti, ingia humu. Funga mlango."

Spana akakaa kiti cha abiria. Vioo vilikuwa juu, injini inaunguruma, nje hakuna wa kusikia.

"Umeiona," Mama alisema.

"Nimeiona."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuja kulishinda gari, Mama. Sikuja kukushinda wewe."

Mama akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Aliifunga mwenyewe, akanionyesha mimi peke yangu. Msiba haujaisha, shemeji zangu wameshaanza kulizunguka hili gari. Nikaizima, wakadhani limekufa, wakaniachia. Huwa ninakuja kukaa humu. Halafu ukaja wewe, nikaogopa utanichukulia mwanangu, nikakuwekea mtihani ambao majibu nimeyakalia, hata kama gari lenyewe ningelipoteza. Asubuhi nilikuja kuhakikisha imezimwa. Nimekukosea, mwanangu."

"Nimeumia, Mama. Sitakudanganya."

"Umia. Haki yako."

"Lakini ahadi ni ahadi."

Mama akacheka katikati ya machozi.

"Una kichwa kigumu kama changu. Jumamosi ijayo. Waambie kwenu wajiandae."

Na Jumamosi ikafika. Stesheni nyeupe iliingia mtaani kwa akina Spana imeoshwa mpaka inatia kiwi machoni, Mwalimu kwenye usukani, Mama kando yake amekaa wima. Mafundi wote wa gereji walikuwa wamepanga mstari, ovaroli zimefuliwa. Baba yake Spana alipouliza wageni wamefuata nini, Mama hakumsubiri mshenga.

"Nimekuja kumwombea mwanangu mke. Mwanangu ana digrii mbili, na gari la baba yake lilimshinda. Binti yenu aliliwasha. Nataka wajukuu wafanane na mama yao!"

Gereji nzima ikalipuka kwa shangwe. Mzee mwenye gereji akajifanya vumbi limemwingia jichoni.

Jioni, wakati wa kuondoka, Mwalimu akapiga stata. Injini ikazunguka, haikushika. Akapiga tena. Watu wakaanza kutazamana.

"Mke wangu mtarajiwa," aliita kwa unyonge, "njoo."

Mama alikuwa ametazama pembeni, midomo ameibana. Spana akaja, akainama dirishani, akapitisha mkono chini ya kiti, akautoa.

"Jaribu sasa."

Likawaka mara moja.

"Umefanya nini hapo?"

"Muulize mama yako."

"Endesha gari," Mama alisema. "Mambo mengine ni ya watu wawili."

Spana alipozunguka kumuaga, Mama akautoa mkono wake dirishani, akaushika ule wenye kucha nyeusi, hakuuachia mpaka gari lilipoanza kwenda.