Mashine ya Pili ya Damiano

Maiti ilikuwa imeketi. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Msaidizi Lwitiko tangu alipoitupia jicho. Damiano, mchuuzi wa samaki aliyejulikana mwambao wote wa Ziwa Rukwa upande wa Mbangala, alikaa nyuma ya boti yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Wavuvi walikuwa wameikuta boti imenasa kwenye matete.

Hakukuwa na jeraha la kisu wala la risasi. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu na jua. Lwitiko alivifunua viganja vya marehemu. Ngozi ilikuwa imechunika mpaka nyama.

"Kamba ya kuwashia mashine," alisema. "Alivuta mpaka akaishiwa."

"Mashine gani, afande?" aliuliza askari Amoni. "Zipo mbili."

Kweli zilikuwa mbili. Moja kubwa, na pembeni yake ndogo, mpya, rangi haijachubuka, imefungwa kwa ajili ya siku ambayo kubwa ingegoma. Kamba zote mbili zilikuwa na damu.

Mkuu wa Lwitiko, Mzungu wa Mbeya, alikuwa amekwishakata shauri kabla hata hajainuka kitini. Yonasi, msaidizi wa Damiano, aligombana na tajiri wake sokoni na kumwambia ziwa litamfundisha adabu. Basi. Lwitiko alitakiwa kumleta Yonasi na pingu, na maneno machache. Lakini mvua ilinyesha, mto Songwe ukafurika, na landrova ikabaki upande huu. Inspekta akajikuta amefungiwa kijijini pamoja na mshtakiwa, na amri ambayo haikumkaa moyoni. Akimpeleka Yonasi, Yonasi atanyongwa. Asipompeleka, ampeleke nani?

Kijiji hakikuwa na mahabusu. Yonasi alifungwa kwenye nguzo ya banda la samaki.

"Nani alijaza petroli?" Lwitiko alimwuliza.

"Mimi. Galoni kubwa tu, ile inayokaa bandani."

"Na ndogo?"

"Hiyo sikuruhusiwa kuigusa, bwana. Ilikaa chumbani kwake, chini ya kitanda. Alisema mashine mbili zikinywa petroli moja, hizo ni mashine moja tu."

"Mbona hakuwa na upondo? Ziwa lenyewe halina kina."

Yonasi alicheka bila furaha. "Alipofunga mashine ya pili aliukata kuni. Akasema upondo ni wa wasiojiweza."

"Ulimtishia."

"Kwa hasira. Nani hajawahi kumtishia Damiano?"

Lwitiko alikwenda kuzikagua galoni zilizokutwa ndani ya boti. Alimimina yaliyosalia katika kila moja kwenye chupa yake, akayaacha yatulie. Petroli ilipanda juu. Chini yake, katika chupa zote mbili, kukabaki maji.

Sasa mambo yalieleweka. Damiano aliondoka na tangi lililojaa petroli safi. Lilipokwisha katikati ya ziwa aliongeza kutoka galoni kubwa, na mashine ikafa. Akageukia ndogo kwa matumaini yote, nayo ikanywa maji yale yale. Lwitiko alijaribu kutofikiria uso wa mtu yule wakati huo. Hakufanikiwa.

Alichukua vifuniko viwili vya kopo. Kimoja alikitia maji ya kwenye chupa, kingine maji ya ziwa, akaviweka juu ya makaa. Kifuniko cha maji ya ziwa kilibaki na ukoko mweupe, kwa kuwa Rukwa ni maji ya magadi. Kile kingine kilibaki safi.

"Maji ya chemchemi," alisema Amoni. "Kwa nini mtu asimame kando ya ziwa, halafu abebe maji kutoka mlimani?"

Swali hilo lilimganda Lwitiko. Alilibeba hadi nyumbani kwa marehemu, alikokaribishwa uji na dada wa marehemu. Fides alikuwa mjane, aliyekuwa ameolewa Ihanda. Alirudi kwa kaka yake mume alipofariki, akampikia, akamfagilia, akamkaushia samaki bandani kila asubuhi. Alimpokea Inspekta kwa heshima zote, akapiga goti.

Walipomaliza kula, wanawake wa jirani walivibeba vyombo kwenda kuviosha ziwani. Fides hakwenda. Aliviosha vyake uani, kwa maji ya mtungi.

"Chemchemi ni mbali, mama," Lwitiko alisema.

"Ni mbali."

"Na ziwa liko hapa."

"Maji yale siyashiki, Bwana Inspekta." Hakuinua macho. "Tangu yamchukue Lusungu siyashiki. Siogei, siyapikii. Watu wote wanajua."

Lwitiko angependa kuwa amesikia vibaya. Angependa mto upungue dakika ile ile, aondoke na huyo aliyeamriwa kumleta.

"Lusungu ni nani?"

"Mwanangu. Alikuwa akifanya kazi kwa mjomba wake."

"Nani anayefagia chumba cha kaka yako?"

"Mimi."

"Na bandani, nani anayewapelekea wafanyakazi maji ya kunywa?"

Fides aliiweka sufuria chini, taratibu, kinywa kikiwa chini ili ichuruzike. "Mwachie Yonasi," alisema. "Ana mdomo, lakini hana roho mbaya. Ni mimi."

Amoni alisogea. Lwitiko alimzuia kwa mkono.

"Nieleze."

"Nilimpigia magoti Damiano, bwana. Nikamwambia, kaka, nunua hata mashine ndogo, mwanangu anarudi jioni moyo wangu umekauka. Akanicheka. Mashine moja ikitunzwa inatosha, kubeba mbili ni woga wa kike. Siku ile mashine ikagoma. Upepo ukaja, boti ikapinduka. Yeye alishika ubao. Lusungu hakupata cha kushika."

"Kisha akanunua."

"Matanga yamekwisha tu, akanunua. Kila mgeni alionyeshwa. Tazameni, mtu mwenye akili hatembei na mashine moja. Alisema hivyo mbele yangu, bwana, nikiwa nimeshika sahani yake. Na mimi niende wapi? Mume hayupo, mtoto hayupo, Ihanda shamba wamelichukua wengine. Hata kulia alinikataza. Alisema kilio kinafukuza wateja."

"Ungeweza kuondoka."

"Kwa miguu ipi?"

Nje, mvua ilianza upya.

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka akae pale. Mashine zote mbili kimya, akae katikati ya maji yale, aone. Upondo nilijua hana, kuni zake nilipikia mimi." Alijifuta mikono kwenye khanga. "Siku ya kwanza ilipopita nikasema, sasa ameona. Wavuvi walipita hapa mlangoni na makasia yao begani. Neno moja tu, wangekwenda kumtafuta."

"Kwa nini hukulisema?"

Amoni alikwishatoa pingu, akabaki nazo mkononi, hajui azifanyeje.

"Nyumba ilikuwa tulivu," alisema Fides. "Hakuna wa kunikataza. Nikafunga mlango nikamlilia mwanangu kwa sauti, kama mama yeyote. Halafu nikakumbuka kwamba Damiano naye ni ndugu yangu, tumbo moja, mgongo huu ulimbeba akiwa mchanga. Nikamlilia na yeye. Niliwalilia wote wawili, Bwana Inspekta, na mmoja alikuwa bado yu hai."