Na Vinginevyo

Nani alimpima binti wa dalali? Dalali mwenyewe hajapata jibu hadi leo.

Siku yenyewe ilianza kama siku zake zote za kazi. Amri ya mahakama mfukoni, fundi wa kufuli nyuma yake, alikwenda asubuhi kulitwaa duka la ushonaji lililokuwa chini ya ghorofa. Mshonaji, mama wa makamo, hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, akamtazama kama anayemtazama mbwa aliyekula kitoweo cha wageni.

"Orodhesha," alisema. "Usiache hata sindano."

"Mama, kazi yangu naijua."

"Ndiyo maana mnalaaniwa."

Aliandika cherehani tatu, pasi, meza, majora ya vitambaa. Jua likapanda, na makopo ya vifungo hayakuwa na mwisho. Basi akafanya wafanyavyo madalali wakichoka: mstari wa mwisho akaandika "na vinginevyo vyote vilivyomo", akatia sahihi.

Mama akausoma. Akacheka kidogo.

"Umechukua hata usivyoviona, mwanangu?"

"Vyote."

"Haya. Vitunze."

Kesho yake mwenye jengo alimpigia simu, anafoka. "Wapangaji wa juu wanasikia cherehani tangu asubuhi! Umemfungia mtu ndani, mjinga wewe?"

Kufuli halikuwa limeguswa. Alipofungua, sauti ikakatika. Hapakuwa na mtu. Gurudumu la cherehani ya kati lilikuwa bado linazunguka, polepole.

Chini ya sindano palikuwa na gauni la mtoto. Jeupe. Limekosa mkono mmoja. Karatasi ya vipimo ilibanwa kwa pini, na juu yake jina la utani ambalo yeye peke yake humwita bintiye, kwa kunong'ona, akimfunika shuka.

Alifunga. Akakimbia nyumbani.

Mtoto alikuwa sebuleni anachora. "Baba, yule bibi ana mikono ya baridi."

"Bibi gani?"

"Anayenipima. Kesho anamaliza. Halafu ananichukua nikalivae kwake."

Mkewe akamvua mtoto blauzi. Mabegani, mistari ya chaki. Walisugua kwa sabuni. Haikutoka.

Majirani wa mshonaji waliapa kwamba mama huyo hakuwa ameinuka kitandani tangu alipofukuzwa dukani. Homa, walisema. Labda ni kweli. Dalali hakumlaumu, hakujua hata amlaumu nani.

"Nikirudisha duka, leseni yangu imekwenda," alinong'ona. "Na mahakama je?"

"Mahakama ndiyo iliyomzaa huyu?" mkewe alimjibu. "Lete funguo. Na hiyo orodha yako."

Mke alikwenda peke yake. Akaziweka funguo kwenye kiganja cha mgonjwa, akafungua kalamu ya mumewe, akaukata mstari wa mwisho mbele yake.

Mgonjwa akafumba vidole. Vilikuwa vya moto, vinawaka homa.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na mke ndiye aliyetekeleza. Leseni ilikwenda. Mtoto alibaki. Chaki nayo ilibaki, mabegani, na kila mwaka anapokua, mistari husogea ikamtosha.