Alama ya Kijani

Mapokezi ya kliniki ya macho yalifurika watu hadi mlangoni. Katika kusukumana huko, fundi cherehani mmoja, gauni lake la zambarau limemkaa sawasawa, akamkanyaga kijana aliyekuwa akifunga skrini ukutani.

"Samahani, kaka! Hivi hiyo skrini itajuaje zamu ya mama yangu?"

"Seva, ile kompyuta kuu, inaiambia. Daktari akibonyeza tu, habari inatua hapo hapo. Haingoji kuulizwa."

"Basi ni mama yangu mtupu huyo."

Wakacheka. Kijana, mtengenezaji wa programu, alikwisha kunasa pale pale, maskini.

Haukupita muda mrefu wakawa wachumba. Akamtengenezea programu ya kuandikiana, yao wawili tu. "Ukiona alama ya kijani, mpenzi, ujue ujumbe umenifikia. Nitakuja hata mbio." Fundi akawatambia wateja wake wote. Nani hapendi kudekezwa?

Siku ya operesheni ya mama, presha ilipanda ghafla, madaktari wakataka saini ya idhini. Kupiga simu pale kulikatazwa. Fundi akaandika: "Mama hali mbaya. Njoo, tafadhali." Alama ya kijani ikawaka. Akangoja, akautazama mlango mpaka akachoka. Akatia saini peke yake, akalia peke yake.

Mama aliponusurika, simu ikaita.

"Malkia wangu! Mama anaendeleaje?"

"Usiniite malkia! Umepata ujumbe wangu ukauchuna!"

"Ujumbe gani tena?"

"Ama kweli una uso mkavu!" Akakata.

Jamani, kijana wa watu hakupata kitu. Simu yake iling'ang'ania mtandao wa ofisini uliokuwa umekatika, na ujumbe ukapotelea njiani. Ile alama iliwaka mara tu fundi alipotuma. Haikungoja simu ya pili ijibu kwamba imepokea.

Akatimua mbio hadi wodini, shati nje, jasho linamchuruzika. Akamweleza mlangoni jinsi alama ilivyowaka ilhali ujumbe umepotea. Uso wa fundi ukalegea.

"Kumbe programu ndiyo iliyokosea. Wewe hukujua."

Hapo angeitikia tu, yangekwisha. Lakini roho ilimsuta.

"Nilijua, mpenzi. Tangu mwanzo. Kungoja jibu kuliichelewesha alama, nami nilitaka uone kitu cha haraka. Nilitaka unisifu."

"Nimekaa pale nikiamini hunitaki," alisema fundi, sauti ikimkatika. "Kumbe ulinidanganya ili usifiwe?"

"Nisamehe. Sitaki kukupoteza."

"Nakupenda, na ndiyo maana inaniuma hivi. Kesho ukiniambia jambo, nitalijuaje kuwa ni kweli?"

Kutoka ndani, mama aliyefungwa bandeji machoni akaita kwa sauti ya uchovu:

"Mwanangu, unaongea na nani? Mkwe wangu amefika?"

Fundi akamtazama mchumba wake, machozi yakimtiririka.

"Hajafika, mama," akajibu, akaingia ndani na kufunga mlango.