Chumba cha Saba

Shemeji yangu, mume wa dada, hutengeneza tovuti. Alasiri ile alikaa sebuleni kwao, kompyuta mapajani. Dada alikuwa jikoni akiosha vyombo, na binti yao, anayejifunza kusimama, alikuwa ndiyo kwanza amelazwa chumbani.

Dalali mmoja alikuwa anauza nyumba ya kwao. Kwenye tovuti yake kila chumba kilikuwa na ukurasa wake, na anwani ya ukurasa iliishia na namba ya chumba. Programu ndani ya tovuti, ya JavaScript, ilitakiwa isome ile namba, ilete picha yake. Lakini kila ukibofya, inakuja sebule.

"Wateja wananiuliza kama nauza sebule sita," dalali alilalamika kwenye simu.

Shemeji aliliona kosa upesi. Programu iliisoma anwani mara moja tu, tovuti inapofunguka. Baada ya hapo haikuitazama tena. Akarekebisha. Vyumba vyote sita vikaja sawasawa. Ili ajiridhishe akaandika saba, akitegemea kuambiwa hakuna picha.

Picha ikaja.

Chumba kidogo, hakina dirisha. Kitandani amekaa bibi kizee, ameipa kamera mgongo.

Akakagua picha alizotumiwa. Sita tu. Akampigia dalali.

"Bosi, hiki chumba cha saba nacho nikiweke?"

Dalali akanong'ona: "Kile tulikiziba kwa matofali, kaka. Mama yetu alipofia mle. Nani kakupa picha?"

Vidole vya shemeji vilikuwa vimeshaandika nane. Kitanda kilekile, kitupu.

Tisa. Mlango wa mbele wa nyumba ile, wazi.

Kumi. Mtaa. Aliujua. Kile kilikuwa kibanda cha kinyozi, chini ya jengo lao.

Akaondoa mikono. Namba ikabadilika yenyewe.

Ngazi zao.

Ikabadilika tena. Mlango wa chumbani kwao, umepigwa picha kutokea ndani.

Dada anasema alimwona mumewe akipita mbio kwenda chumbani. Akamfuata, mikono ikichuruzika povu.

Chumbani hapakuwa na mtu. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

"Umenitisha bure, baba," dada alisema, akashika kifua, akacheka kidogo. Akamwinamia mtoto. Kicheko kikakatika.

Nywele za mtoto, ambazo hazijawahi kusukwa, zilikuwa zimesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, kichwa kizima. Kazi ya nusu siku.

"Nani?" dada alinong'ona. "Nani kamshika mwanangu?"

Waliniita nikasaidie kufumua. Mtoto alitulia mapajani mwangu, akitazama juu ya bega langu, akitabasamu. Sikugeuka.

Nilifumua msuko mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa umefungwa nchani kwa unywele mmoja mrefu, mweupe.