Matambara ya Mkasi

Kila nikitoka shule hupitia kwa shangazi, fundi cherehani. Kazi yangu ni kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Ndiyo maana ananiita Sumaku, ingawa mwenyewe husema ni kwa sababu hata maneno ya wateja huwa nayanasa.

Siku moja mwalimu wa sanaa alituagiza tuchore kifaa cha kazi cha nyumbani. Nikachagua mkasi mkubwa wa shangazi. Lakini jamani, mkasi ule! Vishikio vyake vilikuwa vimeviringishiwa matambara ya kila rangi, yamechakaa, yamekolea jasho. Nikaona haya kuuchora vile. Shangazi alipotoka kwenda kumpima mteja, niliyakata matambara yote, nikayatupa jalalani, nikausugua mkasi kwa majivu mpaka ukameremeta. Nikauchora chapuchapu na kuurudisha mezani.

Shangazi alikuwa na sare ishirini za kukata siku ileile. Aliporudi akakata mara tatu tu, akasimama.

"Loo! Nani kaumenya mkasi wangu?"

Nikajifanya nimezama kwenye pini. Akaendelea kukata huku amekunja uso. Kufika sare ya nne, gumba lilikuwa limechubuka, na damu ilikaribia kudondokea kitambaa cheupe. Akauweka mkasi chini. Kazi ikasimama.

"Labda ni panya," alisema, akinitazama kwa pembe ya jicho. "Panya wa siku hizi wana adabu, wakishatafuna wanasugua."

Sikuweza kucheka. Nilimwonea huruma shangazi yangu, machozi yakanitoka. "Nisamehe, shangazi. Ni mimi. Niliona matambara yanatia aibu."

Akashusha pumzi. "Njoo hapa, wewe panya. Lile la buluu nililifunga mwaka nilioanza kazi, gumba lilipotoka malengelenge. La njano nililiongeza nilipomzaa binamu yako, vidole vikavimba. Kila chuma kiliponila, niliweka kitambaa. Miaka kumi na saba, Sumaku!"

Tukatafuta vipande laini kwenye kapu la mabaki. Nikaviringisha, akajaribu. "Bado, kaza hapa kwenye gumba." Nikafungua, nikarudia. Mara ya tano akasema, "Haya, sasa tunaelewana nao." Akafunga kidonda, nami nikamshikia kitambaa hadi sare ya ishirini. Mgongo uliniuma kwelikweli.

Kisha nikaichana picha yangu, nikamwomba shangazi aushike mkasi. Nikauchora pamoja na mkono wake: matambara, kucha fupi na kidonda kilichofungwa.

Akaitazama picha muda mrefu. "Kumbe mkono wangu uko hivi," akasema polepole. "Na mimi huuficha nikienda kwenye sherehe."

Akanivuta karibu. "Umekosa, ukasema, ukarekebisha. Basi, yameisha. Ila siku nyingine, mwanangu, kabla hujasafisha kitu cha fundi, muulize kwanza uchafu wake unafanya kazi gani."